Lumbesa: Je, kuridhia kwa mkulima kunahalalisha kupunjwa?

KILA mwaka ifikapo msimu wa mavuno, kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, maroli huanza kuingia katika vijiji vya mkoa wa Katavi kufuata mahindi na mpunga. Yanakwenda Majimoto na Usevya, yanakwenda Inyonga, Mwese, Karema, Katumba na Mishamo. Yakirudi Mpanda mjini, na kutoka hapo kushika njia ya Tabora au ya Sumbawanga, yanakuwa yamebeba magunia yenye umbo moja linalojulikana na kila mtu: gunia limejaa hadi mdomoni, limeshindiliwa, kisha limeongezewa kofia juu na kushonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa.

Viongozi wa serikali wameipiga marufuku mara nyingi, mawaziri kwa wakuu wa wilaya, na sheria ipo. Lakini msimu ukifika lumbesa inarudi. Ukimuuliza mfanyabiashara, atakujibu kwa utulivu kabisa: "Sikumlazimisha mtu. Mkulima ameliona gunia, ameiona bei, akaridhia." Ukimuuliza mkulima naye atasema: "Nitafanyaje, Mwalimu? Ndivyo gunia lilivyo."

Majibu haya mawili ndiyo yanayotupa somo la leo. Je, Uislamu unasemaje kuhusu lumbesa? Je, ni biashara ya maridhiano, au ni dhulma iliyovaa kanzu ya maridhiano? Na kama ni dhulma, sisi Waislamu ambao tuko humo humo, wengine tukiwa wakulima, wengine madalali, wengine wenye maroli na wengine makuli, tufanye nini?

Tuanze na hesabu

Kabla ya kutoa hukumu ni vyema tulielewe jambo lenyewe. Wanachuoni wana kanuni mashuhuri kwamba huwezi kukihukumu kitu kabla hujakipatia sura yake kamili.

Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka gunia la mazao ya shamba lisizidi kilo 100. Anayesimamia sheria hiyo ni Wakala wa Vipimo, chombo kilichoanza kazi mwaka 2002. Kwa hiyo neno "gunia" kwa mujibu wa sheria lina maana moja tu. Hata Wizara ya Viwanda na Biashara inapotangaza bei za jumla za nafaka, bei hizo ni za gunia la kilo 100. Mkulima anaposikia redioni kwamba mahindi katika mji fulani ni shilingi kadhaa kwa gunia, gunia linalozungumzwa ni hilo la kilo 100, si lile lenye kofia.

Sasa tuchukue mfano wa mkulima aliyevuna kilo 1,300 za mahindi. Kwa gunia la halali ana magunia 13. Kwa lumbesa ya kilo 130 ana magunia 10. Tuseme bei ya gunia ni shilingi 50,000. Kwa kipimo cha haki angepata shilingi 650,000. Kwa lumbesa anapata shilingi 500,000. Zimepotea shilingi 150,000, sawa na kilo 300 za mahindi, yaani karibu robo ya jasho lake la mwaka mzima.

Tuitazame hesabu hiyo hiyo kwa upande wa pili. Mfanyabiashara anasema amenunua kwa shilingi 50,000 kwa gunia, na mkulima akisikia anaelewa shilingi 500 kwa kilo. Kumbe kilo moja imenunuliwa kwa takriban shilingi 385. Bei inayotamkwa ni moja na bei inayolipwa ni nyingine.

Linganisheni na zaka. Mkulima aliyevuna kilo 1,300 amevuka nisabu ya mazao, ambayo ni wasaki tano, na wanachuoni wengi wa zama zetu wanaikadiria kuwa takriban kilo 653. Kwa kuwa kilimo chake ni cha mvua, anatoa sehemu moja ya kumi, yaani kilo 130. Ushuru wa halmashauri kwa mazao ya chakula, tangu ulipopunguzwa mwaka 2017, ni asilimia 2 ya bei, na kisheria anayeulipa ni mnunuzi. Kwa maneno mengine, haki ya Allah (SW) iliyomo katika mazao hayo ni gunia moja na sehemu kidogo, na haki ya halmashauri ni ndogo zaidi. Lakini lumbesa inachukua magunia matatu mazima! Imezidi zaka na ushuru vikijumlishwa pamoja, wala haiendi kwa fakiri, haiendi zahanati na haiendi kuchonga barabara ya kijiji.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wapo wakulima wanaoona uzito kutoa zaka kwa hoja kwamba mavuno hayakutosha, ilhali hawajawahi kupiga hesabu ya kile wanachokitoa kwa wanunuzi bila thawabu yoyote.

Qur'an inasemaje?

Suala la vipimo si dogo katika Qur'an kama tunavyolidogosha sisi. Nabii Shuaibu (AS) alitumwa kwa watu wa Madyan, na baada ya kuwaita katika kumwabudu Mungu mmoja, jambo la kwanza alilowakataza ni kupunguza vipimo na mizani na kuwapunguzia watu vitu vyao. Habari yake imekaririwa katika Suratul-A'raf, Suratu Hud na Suratush-Shu'araa. Hao ni umma ulioangamizwa, na miongoni mwa makosa yao makubwa yaliyotajwa ni haya ya sokoni.

Katika Suratu Ar-Rahman, Mwenyezi Mungu anapotaja kuinuliwa kwa mbingu, anataja pamoja nayo kuwekwa kwa mizani, kisha anaamrisha watu wapime kwa uadilifu. Mbingu na mizani ya sokoni zimetajwa mahali pamoja! Na katika Suratul-Hadid ametaja kwamba Mitume waliteremshiwa Kitabu na mizani ili watu wasimamie uadilifu.

Lakini aya zinazogusa lumbesa moja kwa moja ni zile za mwanzo wa sura ya 83, Al-Mutaffifin. Humo Allah (SW) anawatishia adhabu kali wapunjaji, kisha anaeleza ni akina nani. Ni wale ambao wanapojipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kijae kabisa, na wanapowapimia wengine hupunguza.

Ndugu msomaji, itafakari sifa hiyo vizuri. Mwenyezi Mungu hakumtaja mtu wa kipimo kimoja. Amemtaja mtu wa vipimo viwili: cha kununulia na cha kuuzia. Mfanyabiashara wa lumbesa anaponunua kijijini, kipimo chake ni gunia lenye kofia. Akifika Tandale jijini Dar es Salaam au katika masoko ya Mwanza, kofia inavuliwa, mzani unatolewa, na mzigo unauzwa kwa kilo. Mchele ule ule ulionunuliwa kwa kushindiliwa unauzwa kwa gramu. Kununua kwa gunia na kuuza kwa kilo ndiyo sura ya Mutaffifin ya zama zetu, wala haihitaji tafsiri ya mbali.

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (RA), katika Sunan ya Ibn Majah, kwamba Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wake wakiwa na vipimo vibaya mno, ndipo ikateremka sura hiyo, na baada ya hapo wakawa wazuri wa vipimo. Hapa tunajifunza kwamba watu wa Madina hawakuwa makafiri wa Makka waliompiga vita Mtume. Walikuwa ni wenyeji waliompokea. Pamoja na hayo, ujio wa dini ulianza mapema kunyoosha soko lao. Kupokea dini na kupunja watu havikai pamoja.

Hoja ya kwanza: "Tunauziana rundo, si kilo"

Wapo wafanyabiashara wenye elimu kidogo ya fiqhi wanaojitetea kwa kusema kwamba Uislamu umeruhusu kuuza kwa makadirio bila kupima, yaani bai'ul-juzaf. Hoja hii ina asili, na ni uadilifu tuijibu kwa elimu.

Ni kweli. Imepokewa kwa Ibn Umar (RA) katika Bukhari na Muslim kwamba watu katika zama za Mtume (SAW) walikuwa wakinunua chakula kwa rundo, na kilichokatazwa ni kukiuza tena kabla ya kukihamisha. Kutokana na hapo wanachuoni wakaruhusu kuuza rundo linaloonekana kwa macho bila ya kulipima. Katika madhehebu ya Imam Shafi mauzo ya namna hiyo yanasihi, ingawa wamo waliosema kwamba yamechukiza.

Hata hivyo, msingi wa ruhusa hiyo ni kwamba wote wawili, muuzaji na mnunuzi, wako sawa katika kutojua. Wote wanaliangalia rundo na wote wanakisia. Ndiyo maana Imam Malik na Imam Ahmad hawakuafiki anayejua kiasi cha rundo aliuze kwa makadirio kwa asiyejua. Kujua kwa mmoja na kutojua kwa mwingine kunayageuza makadirio kuwa mtego.

Je, mnunuzi wa lumbesa hajui? Anajua vizuri sana. Anajua gunia lake linatoa kilo ngapi likifika mjini, anajua kila debe linaongeza nini, na ndiyo sababu anakuja na magunia yake mwenyewe na vijana wake wa kushindilia. Asiyejua ni mkulima. Juu ya yote hayo, linalotamkwa wakati wa kupatana ni "gunia", neno ambalo ni jina la kipimo, si jina la rundo. Mkishapatana kwa kipimo, kipimo lazima kitimizwe kama kilivyo. Hapo hatuko tena katika mlango wa juzaf, tuko katika mlango wa kupunja.

Hoja ya pili: "Nyongeza ni sunna"

Wengine husema: "Mbona Mtume (SAW) aliamrisha mizani izidishwe?" Hadithi hiyo ipo, ameipokea Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Suwaid bin Qais (RA). Lakini tuisome vizuri tuone nani alimzidishia nani.

Mtume (SAW) katika tukio hilo alikuwa mnunuzi. Alipatana na wauzaji bei ya vazi, na palikuwepo mtu aliyekuwa akipima kwa ujira. Mtume akamwambia apime na azidishe. Kilichokuwa kikipimwa ni malipo. Yaani mnunuzi alizidisha katika kile alichokuwa akikitoa yeye! Nyongeza ya sunna inatoka mfukoni mwa mwenye kutoa, kwa hiari yake. Haitoki kwa mwenzako kwa kumkanyagia gunia. Anayetaka kufuata sunna hii anunue kwa kilo 100 kamili, kisha amwongezee mkulima shilingi elfu mbili juu ya bei. Hiyo ndiyo nyongeza.

Hoja ya tatu: "Ameridhia mwenyewe"

Hii ndiyo hoja kubwa, na ndiyo iliyobeba kichwa cha makala hii. Ni kweli kwamba Suratun-Nisaa imeweka maridhiano kuwa msingi wa biashara. Lakini maridhiano yana masharti. Moja ni kujua unachokiridhia. La pili ni kuwa na uwezo wa kukataa.

Mkulima wetu ana ada ya shule inayomsubiri, ana deni la mbolea, hana ghala, na mahindi yakikaa yanaliwa na wadudu. Akimkataa mnunuzi wa kwanza mwenye lumbesa, wa pili naye ana lumbesa, na wa tatu pia. Anapotikisa kichwa kukubali, hakubali kipimo, anakubali kwamba hana pa kwenda. Wanachuoni wamelizungumza suala la mauzo ya mtu aliyebanwa na dhiki, na wamelizungumza pia suala la ghabni, yaani mtu kupunjwa kupita kiasi kwa kutojua. Wametofautiana katika kuyabatilisha mauzo hayo, lakini hakuna aliyemsifu mwenye kuitumia dhiki ya mwenzake kama mtaji.

Zaidi ya hapo, Mtume (SAW) alikataza kuwapokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni. Katika mapokezi ya Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), mwenye bidhaa aliyenunuliwa njiani ana hiari ya kuvunja mauzo akifika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu aliuza bila kuijua hali ya soko. Kumbe mtu huyo aliridhia! Hakushikiwa upanga. Lakini sheria haikuitazama ridhaa yake tu, ilitazama pia kwamba ridhaa hiyo ilipatikana kwa kutojua kwake. Mkulima wa Mwese au Mishamo anayefuatwa shambani na mnunuzi anayezijua bei za miji yote, hali yake haiko mbali na ya wale wenye misafara.

Bei na kipimo ni mambo mawili

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya, wakiwemo wanasiasa. Baadhi yao wakisikia mkulima anaonewa, hukimbilia kudai serikali ipange bei. Na baadhi ya wafanyabiashara wakisikia serikali inazuia lumbesa, husema hayo ni mambo ya zamani, soko ni huria.

Wakati wa Mtume (SAW) bei zilipanda Madina, watu wakamwomba awapangie. Akakataa, akaeleza kwamba Allah ndiye mwenye kupanga bei, na kwamba anataka kukutana na Mola wake pasiwepo anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Hadithi hii ameipokea Anas (RA) na imo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Baadaye Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alifafanua katika kitabu chake cha Hisba kwamba pale watu wanapohodhi chakula au kula njama, mtawala anaweza kuwalazimisha wauze kwa bei ya haki. Lakini asili ni kuiacha bei.

Mtume huyo huyo aliyekataa kupanga bei hakuacha kipimo. Alielekeza kwamba kipimo cha ujazo kiwe cha watu wa Madina na mizani iwe ya watu wa Makka, ili pawe na marejeo ya pamoja. Alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula na kukuta unyevu chini, akamkemea mwenye chakula na kubainisha kuwa mwenye kughushi si katika wao. Katika dola za Kiislamu zilizofuata akawekwa muhtasibu, ofisa wa soko, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kukagua pishi, vibaba na mawe ya mizani.

Kwa hiyo bei inapanda na kushuka, na hiyo ni riziki. Mwaka wa neema mahindi yatakuwa rahisi, mwaka wa ukame yatapanda, na mfanyabiashara anayo haki ya kutafuta faida. Kipimo hakipandi wala hakishuki. Kilo ni kilo mwaka wa njaa na mwaka wa shibe. Soko huria ni uhuru wa bei, si uhuru wa mizani. Anayetaka kununua mahindi kwa shilingi 385 kwa kilo, na aseme waziwazi shilingi 385 kwa kilo, mkulima asikie, kisha aamue.

Kwa nini marufuku haishiki?

Kama jambo ni baya kiasi hiki, kwa nini linadumu? Wakati nafaka ikinunuliwa na vyama vya ushirika na Shirika la Usagishaji la Taifa, Rukwa, ambayo Mpanda ilikuwa wilaya yake, ilihesabika miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Ununuzi wa wakati ule ulikuwa na matatizo yake mengi, ikiwemo kucheleweshewa malipo, lakini mzani ulikuwepo kituoni. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja, mzani ukaondoka, likabaki gunia.

Kisha kila mmoja akajikuta ana maslahi katika gunia kubwa. Mwenye roli hutoza kwa gunia. Ushuru katika vizuizi vingi huhesabiwa kwa gunia. Kuli hulipwa kwa gunia. Kwa hiyo mnunuzi akifungasha kilo 1,300 katika magunia 10 badala ya 13, ameokoa nauli ya magunia matatu, ushuru wa magunia matatu na ujira wa magunia matatu. Halmashauri inayofumbia macho lumbesa inajiibia mapato yake yenyewe. Na kuli anabeba mgongoni kilo 130 kwa malipo ya 100. Mtume (SAW) alikataza hata mtumwa kubebeshwa kazi asiyoiweza, na akaamrisha kwamba akibebeshwa asaidiwe. Sembuse kijana huru anayetafuta riziki, ambaye mgongo wake ndio mtaji wake pekee?

Cha kushangaza, hapa hapa Katavi tunajua kupima. Tumbaku hupimwa kwa kilo na kupangwa madaraja. Pamba hupimwa kwa kilo. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hupimwa kwa gramu, na tangu mwaka 2019 serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini mikoani, mizani imekuwa ya wazi zaidi. Inakuwaje jani la kuvutwa lipimwe kwa mzani, na chakula cha watu kipimwe kwa kisigino cha mshindiliaji?

Mkulima naye asijitoe

Si haki kumwelekezea kidole mnunuzi peke yake. Wapo wakulima wanaolowanisha mahindi ili yaongezeke uzito, wanaotia pumba na mchanga katikati ya gunia, wanaoweka mpunga mzuri juu na hafifu chini. Hao ndio hasa waliogusiwa na hadithi ya rundo lenye unyevu. Tena baadhi ya wanunuzi husema wanachukua kofia kufidia takataka hizo. Dhulma haifidiwi kwa dhulma. Tiba ya mahindi machafu ni kuyakagua na kuyashushia bei, si kumpunja kila mkulima, msafi na mchafu.

Vilevile kuna mtindo wa kuuza mazao yakiwa bado shambani. Kagera kwenye kahawa wanauita butura, na kusini kwenye korosho imejulikana kangomba, ya kununua kwa kipimo kisicho rasmi. Mkulima aliyebanwa na njaa mwezi wa kwanza huchukua pesa na kuahidi gunia wakati wa mavuno. Uislamu una mlango wa halali wa jambo hili, nao ni salam: kulipwa bei yote mwanzoni kwa mazao yatakayotolewa baadaye. Lakini Mtume (SAW), kama alivyopokea Ibn Abbas (RA), aliwawekea watu wa Madina sharti la kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Kuahidi "gunia" ambalo halijulikani lina kilo ngapi kunavunja sharti hilo. Na kukopa gunia moja ili ulipe mawili hiyo si salam, ni riba tupu, hata kama wahusika wanaiita kusaidiana.

Tufanye nini?

Kwanza, kila kijiji kiwe na mzani. Mkulima hawezi kudai kilo kama hana cha kupimia. Mzani wa kupimia gunia si kitu cha kuwashinda watu mia wa kijiji wakichangishana. Hapa misikiti ina nafasi. Tumezoea kuweka wakfu mikeka, vipaza sauti na visima. Uthman bin Affan (RA) alikinunua kisima cha Ruma na kukiweka wakfu kwa sababu watu wa Madina walikuwa wakiuziwa maji. Kwa nini Muislamu mwenye uwezo asiweke wakfu mzani, ukahakikiwa na Wakala wa Vipimo, ukakaa mahali pa wazi, akapima kwao Muislamu na asiyekuwa Muislamu? Mzani huo huo utatusaidia kujua nani amefikia nisabu, maana zaka nayo kwa sasa tunaikisia kwa debe.

Pili, wakulima wauze kwa pamoja. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi anavuka kwenda kwa jirani. Kijiji kizima kikikataa, roli haliwezi kurudi tupu. Vyama vya msingi vya ushirika, utaratibu wa stakabadhi ghalani uliowekewa sheria mwaka 2005, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ambao hununua kwa mizani, hizo ni njia zilizopo. Mpanda pia ni moja ya maeneo manane yaliyoingizwa katika mpango wa taifa wa kujenga vihenge vya kisasa. Nabii Yusuf (AS) alipokabidhiwa maghala ya Misri, sifa aliyowatajia ndugu zake ni kwamba yeye anatimiza kipimo. Ghala bila kipimo cha haki halikamiliki.

Tatu, halmashauri zetu zitoze ushuru kwa kilo badala ya gunia. Hili likifanyika, nusu ya utamu wa lumbesa imekwisha, kwa sababu kofia haitaficha kitu tena. Mkoa huu umekua haraka mno: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Mkoa ulioongezeka mara mbili katika miaka kumi unahitaji mapato ya halali yasiyovuja.

Nne, wafanyabiashara Waislamu waanze. Najua ugumu wake. Anayenunua kwa kilo katika soko la lumbesa ataonekana mjinga msimu wa kwanza. Lakini wakikubaliana watano au kumi wenye jina, mkulima atawakimbilia wao, na mzigo mzuri utakuwa wao. Baraka nayo ina hesabu yake ambayo haiandikwi kwenye daftari.

Na aliyekwisha kula lumbesa miaka iliyopita, mlango wa toba uko wazi, ila haki za watu hazifutwi kwa istighfari peke yake. Anaowafahamu awarudishie au awaombe wamsamehe. Asiowafahamu, wanachuoni wamesema atoe sadaka kwa niaba yao. Vinginevyo yamkini akawa yule muflisi aliyetajwa na Mtume (SAW), anayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, kisha vyote vikagawiwa aliowadhulumu. Siku hiyo patawekwa mizani isiyo na kofia.

Tukumbuke pia onyo lililopokewa na Ibn Majah, kwamba watu hawapunguzi vipimo na mizani ila huadhibiwa kwa miaka ya ukame, ugumu wa maisha na dhulma ya watawala. Sisi tunaolalamikia mvua, maisha na viongozi, tuangalie pia magunia yetu.

Wabillahi tawfiq.